Mafundi vioo Songea wafundishwe ukingo

Mkulima wa Matogoro, nje kidogo ya mji wa Songea, akishauza mahindi na kuamua kumaliza nyumba, dukani huuliza mambo mawili tu kuhusu vioo vya madirisha: bei na unene. Haulizi vitakatwaje, ingawa swali hilo ndilo lingemwokolea fedha.

Kioo huvumilia sana kubanwa, lakini ni dhaifu kikivutwa au kupindwa. Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza, Alan Griffith, alieleza kwamba udhaifu huo hutokana na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyingi huzaliwa ukingoni, siku ya kukata.

Almasi ya fundi wa mtaani mara nyingi ni kigurudumu kidogo cha chuma kigumu. Kikiwa butu, kikikandamizwa mno au mstari ukirudiwa, ukingo hubaki na mapengo. Kioo hakipasuki siku hiyo. Hupasuka Julai, asubuhi ya baridi, jua linapopasha katikati huku ukingo uliojificha ndani ya fremu ukiwa bado baridi. Katikati hutanuka, ukingo huvutwa, ufa hupata njia. Wanaolaumiwa ni watoto na mpira wao.

Katika viwanda vikubwa duniani ipo njia ya leza. Mwale hupasha mstari mwembamba bila kuyeyusha kioo, kisha hewa au maji baridi hufuata nyuma, na tofauti hiyo ya joto huongoza ufa kwenye mstari. Hakuna chuma kinachogusa, hivyo ukingo hutoka laini na wenye nguvu kuliko wa kigurudumu. Lakini leza si moja. Ile inayoyeyusha kioo huweza kuacha nyufa na mkazo, ikabidi kipashwe moto upya na kupozwa taratibu.

Kununua mashine ya namna hiyo kwa madirisha ya Matogoro ni kutupa fedha. Sehemu kubwa ya faida yake hupatikana kwa kigurudumu kipya, tone la mafuta ya taa, mstari mmoja usiorudiwa, na msasa wa maji kupitishwa ukingoni. Ni kazi ya dakika chache, ila haifanywi kwa sababu mteja haidai.

Tangu 2023 kipo kiwanda cha vioo bapa Mkuranga, mkoani Pwani, lakini kutoka huko hadi Songea ni karibu kilomita 1,000 kwa lori. Kinachovunjika njiani hulipiwa ndani ya bei ya kinachofika. Kuvunja tena kilichofika ni hasara ya pili.

VETA na SIDO mkoani Ruvuma walipe suala la ukingo uzito katika mafunzo yao. Halmashauri nayo iandike usagaji wa kingo katika mikataba ya madarasa na zahanati. Mkataba ukitaja unene pekee, fundi mwangalifu atashindwa zabuni na mwenye kigurudumu butu, kwa tofauti ya bei ya msasa.