Nani Kasema Kiswahili Kina Rangi Tatu?

Wapo wasomi wetu ambao, kila yanapozuka mazungumzo ya kufundisha uchoraji kwa Kiswahili, huleta hoja ileile: lugha hii ina rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, zilizobaki ni majina ya vitu au maneno ya kuazima. Kwa hiyo, husema, nadharia ya rangi na ifundishwe kwa Kiingereza. Hoja hii imetuchosha, na kunyamaza mbele yake kumekuwa kama kuikubali.

Wanaoishika hupenda kuegemea kitabu cha Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, kilichotoka mwaka 1969. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozipima kwa vipande 329 vya rangi, na wengi wa waliohojiwa walikuwa wakaazi wa pande za San Francisco. Kanuni zao ziliyatilia shaka majina ambayo pia ni majina ya vitu. Hata hivyo, chungwa la Waingereza, ambalo lilikuwa tunda kabla ya kuwa rangi, lilipata nafasi yake katika orodha ya rangi 11 za msingi. Tutaambiwa kwamba kanuni hiyo hutumika palipo na shaka tu. Sawa. Ni nani basi aliyepewa mamlaka ya kuitilia shaka zambarau yetu?

Maneno yale matatu ni vivumishi vinavyochukua upatanisho: mtumbwi mwekundu, vitenge vyekundu. Mengine huungwa kwa kihusishi: mtumbwi wa kijani, vitenge vya buluu. Hilo ni jambo la sarufi. Mwenye kuligeuza likawa jambo la macho, akadai kuwa msemaji haoni asichokipatanisha, ametoka katika elimu na kuingia katika dharau.

Tena, jina la rangi ni theluthi tu ya habari. Mchoraji na mwalimu Albert Munsell alieleza mwaka 1905 kwamba kila rangi ina pande tatu: jina lake, weupe au giza lake, na ukolevu wake. Ukolevu! Neno hilo halikuundwa na kamati, limo jikoni. Hapa Rusimbi, mnunuzi wa mawese huyainua kwenye mwanga kabla ya kutoa fedha, aone kama yamekolea. Mpishi naye anajua kuwa yakichomwa sana hupauka. Dagaa wa ziwani waliotoka majini alfajiri hung'aa kama fedha; jioni, baada ya jua, wamefubaa. Kitenge kilichochujuka kimeiacha rangi yake majini. Kilichopauka kimeliwa na jua. Sinia iliyofubaa imepoteza mng'ao, si rangi. Ongeza kukoza, kufifia, kuiva. Kwa miaka mingi ya kufasiri sijaona kazi ngumu kama kuihamisha familia hii ya vitenzi kwenda lugha nyingine bila kuipunguza. Rangi ya Kiswahili inatenda na inatendwa. Mwenye kuihesabu kwa vivumishi peke yake amehesabu mitumbwi iliyofungwa pwani, akasahau iliyoko ziwani.

Kuhusu mstari, umbo, nafasi, mwanga na kivuli sina haja ya kurefusha. Maneno yapo, na mtoto wa darasa la tatu anayajua. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao laini, hakungoja istilahi ya mtu. (Naye hakupita chuo cha sanaa. Sisi tuliojifundisha wenyewe hupenda kulikumbusha hilo.)

Kinachoniuma ni mtoto yule yule. Katika shule ya msingi ya serikali huko bara husoma kwa Kiswahili. Akiingia sekondari huambiwa atazame upya dunia kwa Kiingereza, na mekundu yote aliyoyajua, ya mawese, ya udongo, ya damu ya mzee, yanakuwa neno moja la kukariri.

Basi wanaotunga vitabu vya sanaa na waache kulalamikia upungufu wa lugha, wachukue daftari. Waanze Pemba kwa wanaotia rangi ukili wa mikeka, wawaulize ukili uliokolea huitwaje na uliokataa rangi huitwaje, kisha wapande meli, na treni hadi Kigoma, wawaulize akina mama wa mawese.