Nani Anamlilia Preeti?

Katika sharika zetu filamu za mapenzi zenye vichekesho hushtakiwa kwa kosa moja tu: busu. Mzee wa kanisa akipita mbele ya kibanda umiza hapa Ikwiriri na kuwaona vijana wa kwaya wamejazana humo pamoja na wenzao Waislamu, haulizi filamu inasema nini. Anauliza kama kuna wanaobusiana. Kwa kipimo hicho filamu nyingi za Kihindi za zamani zingepita bila doa, maana wapendanao humo huimba mlimani, mvua ikawanyeshea, na basi. Mimi nasema shtaka hilo ni dogo mno. Linaziachia kosa lao kubwa, na wakati huohuo linazinyima sifa zinazostahili.

Tuanze na sifa. Watu wa pwani hii walizipenda hadithi za mapenzi za Kihindi tangu enzi za Raj Kapoor, filamu yake ya Awaara ya mwaka 1951 ilipojaza majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam. Wengi hawakujua Kihindi. Walielewa swali: binti huyu mwenyewe anamtaka nani? Swali hilo si upuuzi wa sinema. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo mwaka 2019. Jina lake linanikumbusha Rebeka wa Mwanzo 24. Zawadi zilikwisha kupokelewa kwao, lakini ndugu walimwita wakamuuliza kama atakwenda na mtu yule, akajibu kwa kinywa chake. Filamu inayomcheka baba anayemwoza binti bila kumuuliza iko karibu na sura hiyo ya Biblia kuliko baadhi ya vikao vyetu vya mahari.

Chukua Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ambayo jumba la Maratha Mandir la Mumbai liliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka ishirini. Simran amechumbiwa na Kuljeet, mtu asiyemjua. Mama yake anawaletea yeye na Raj vito vyake, anawaambia watoroke. Raj anakataa. Anataka kumpokea Simran kutoka mkononi mwa baba yake. Ningependa kila kijana anayefika ofisini kwa mchungaji akiwa ametanguliza mimba na kuchelewesha posa aitazame sehemu hiyo mara mbili.

Lakini ni filamu hiyohiyo inayonikera. Raj anaingia nyumbani kwa akina Kuljeet kwa uongo, akijifanya rafiki. Yuko humo Preeti, dada yake Kuljeet. Anaanza kumpenda Raj, wakubwa nao wanaanza kuwaona kama wachumba, na Raj hana haraka ya kumwambia ukweli. Mwishoni treni inaondoka, Simran anaikimbilia, kibanda kizima kinashangilia. Nani anamkumbuka Preeti?

(Zile mbio za mwisho, ambazo karibu kila filamu ya namna hii inazo, nazisamehe. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa hapa aliyetaka kumfuata mchumba anayeelekea Kilwa angeishia kusubiri kivuko pale Ndundu, na hasira na mapenzi vyote vingepoa.)

Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998 inanikera zaidi kwa sababu ni tamu zaidi. Aman, anayeigizwa na Salman Khan, amemchumbia Anjali kwa heshima. Siku ya harusi imefika, wageni wamekaa, naye anatambua kwamba moyo wa bibi harusi uko kwa Rahul. Anamkabidhi, tena kwa tabasamu na utani. Amewekewa tabasamu hilo ili sisi tusisumbuke naye. Na Rahul amefanya nini? Chuoni alikuwa na Anjali mwenye nywele fupi, akimshinda katika mpira wa kikapu, wala hakumwona kama mtu wa kupendwa. Miaka baadaye, Anjali akiwa ndani ya sari, ndipo macho yalipofunguka. Zakayo alisimama akataja atakachorudisha. Rahul alisimama akalia, akapewa mke.

Biblia haimfichi mtu wa pembeni namna hiyo. Habari ya Yakobo ingekuwa kichekesho kizuri: anatumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na asubuhi baada ya harusi anakuta amepewa dada mtu. Mtengeneza filamu angetuchekesha hapo, kisha angeendelea na Raheli. Mwanzo 29 inabaki na Lea. Inatuambia kwamba Mungu aliona kuwa hapendwi, kisha inawataja wanawe mmoja mmoja, na uchungu aliouweka ndani ya majina yao. Wa nne ni Yuda, na ukoo wa Daudi na wa Yesu unapita kwake.

Sisi, tunaoisoma sura hiyo, tunafanya kama watu wa kibandani. Uchumba ukivunjika baada ya kutangazwa Jumapili mbili, ya tatu majina hayasomwi na ibada inaendelea. Vikao vinakaa: nani arudishe mahari, kiasi gani, mbuzi wahesabiwe vipi. Mwaka unaofuata kijana analeta mchumba mwingine. Kwaya inawaimbia, sare zinashonwa, kadi za michango zinatembezwa, na binti aliyeachwa naye anapelekewa kadi. Akikosa mazoezi ya kwaya miezi mitatu, katibu anamwandika mtoro.

Mzee wa kanisa anayejua njia ya kwenda kibandani kuwatoa vijana aijue na njia ya kwenda kwa binti huyu, tena kabla mbuzi hawajahesabiwa. Aende na mkewe, na daftari la mahudhurio aliache ofisini.