UCHAMBUZI: Mende avuka mpaka bila kibali, mpiga dawa abaki upande mmoja

Na Mwandishi Wetu, Busia

Mfanyabiashara wa Busia anajua kupiga hesabu. Anajua ushuru wa mzigo wake, anajua bei ya shilingi ya Kenya na ya Uganda asubuhi na jioni, na msafirishaji anajua hasara ya lori kulala siku moja zaidi pale Malaba. Lakini iko gharama moja ambayo wengi hawaiandiki kwenye daftari. Ni katoni ya biskuti iliyotafunwa pembeni, unga uliorudishwa na mteja, mgeni aliyehama gesti usiku, na makopo ya dawa yanayonunuliwa kila mwezi bila mwisho. Gharama hiyo ni ya mende.

Ndugu msomaji, tatizo la mende katika miji hii si uhaba wa dawa. Dawa zipo tele, dukani na barabarani. Tatizo ni kwamba kwa mende, Busia ya Kenya, Busia ya Uganda, Malaba na Tororo ni soko moja. Kwa sheria na kwa wapiga dawa ni masoko mawili yasiyosemezana. Na katikati ya masoko hayo mawili, anayepata faida ni mende pamoja na muuzaji wa dawa za magendo.

Msafiri wa mizigo

Wanaosumbua hapa ni wa aina mbili. Yupo mende mkubwa, wa sentimeta 4 hivi, anayeishi kwenye mitaro, mashimo ya vyoo na chemba za maji machafu. Yupo pia mende mdogo wa rangi ya hudhurungi, wa sentimeta moja na nusu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Wataalamu humwita mende wa Kijerumani. Huyu mdogo ndiye mwenye hasara kubwa kwa biashara, kwa sababu hakai mtaroni. Anakaa nyuma ya friji, ndani ya redio, kwenye kabati la vyombo na katika mikunjo ya katoni.

Jina la Kijerumani lisikupotoshe. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asili yake ni Asia, India au Myanmar, kiasi cha miaka 2,100 iliyopita, na kwamba alienea duniani kwa kufuata njia za biashara na za majeshi. Yule mkubwa naye anaitwa wa Kimarekani, ingawa kwao ni Afrika. Alifika Marekani ndani ya meli. Kwa maneno mengine, mende ni msafiri wa mizigo tangu zamani, na mpaka wenye shughuli nyingi kama huu wetu ni kituo chake cha kawaida.

Tazama biashara ya mayai. Mayai ya Uganda huvuka kuja Kenya kwenye trei za karatasi, na trei tupu hurudi kujazwa tena. Trei hizo zina mashimo, kiza na joto, na karatasi yake hufyonza unyevu. Wanaofuga mende kwa utafiti huwawekea trei za namna hiyo hiyo ili wajifiche. Sasa fikiria trei moja inayozunguka kutoka banda la kuku hadi stoo, kutoka stoo hadi dukani, kisha inarudi. Hali ni hiyo hiyo kwa kreti za soda na mikate, magunia ya dagaa, na friji au redio kuukuu. Jike mmoja wa mende mdogo hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa. Jike mmoja katika katoni moja anatosha kuanzisha ukoo mzima katika stoo yako.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili mwezi Februari 2018, maofisa wa pande zote hukaa chini ya paa moja ili mzigo upite haraka. Hilo ni jambo jema kwa biashara. Hata hivyo, ofisa wa forodha hutazama hati na ushuru, na ofisa wa viwango hutazama ubora wa bidhaa. Aliyejificha kwenye mkunjo wa katoni hana wa kumuuliza.

Kwa nini kopo halimalizi

Wengi wetu tukiona mende tunanunua kopo na kupulizia. Mende mmoja anapinduka, sisi tunafurahi. Baada ya wiki tatu wamerudi. Sababu ni tatu. Kwanza, dawa ya kupulizia haipenyi vizuri kwenye kifuko cha mayai. Pili, harufu yake huwafukuza walio hai, wakatawanyika hadi chumba cha jirani au duka la pili. Tatu, mende mdogo amekwisha kuizoea. Dawa nyingi za makopo ni za jamii moja, pairethroidi, na usugu wa mende huyu dhidi yake umethibitishwa katika nchi nyingi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waligundua kwamba usugu unaweza kuongezeka ndani ya kizazi kimoja tu, hata kwa dawa ambazo mende hao hawakuwahi kukutana nazo.

Mpiga dawa anayeijua kazi haanzi na bomba. Anaanza na tochi usiku, na mitego ya gundi, ili ajue mende wako wapi na ni wengi kiasi gani. Halafu huelekeza kuziba nyufa, kurekebisha bomba linalovuja na kuondoa katoni tupu. Kisha huweka dawa ya jeli, matone madogo kama punje ya mchele, mahali wanapojificha. Mende anakula, anarudi kufia mafichoni, na wenzake wanaokula kinyesi na mzoga wake nao wanakufa. Baada ya wiki mbili au tatu anarudi kuwamaliza walioanguliwa, na kuhesabu mitego upya. Ukimwona mtu anamaliza kazi kwa dakika 20, hana mtego wala tarehe ya kurudi, ujue umenunua harufu.

Sheria mbili, mende mmoja

Nchini Kenya, kazi hii iko chini ya Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, PCPB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Dawa lazima isajiliwe na bodi hiyo, namba ya usajili iwe kwenye lebo, na anayepiga dawa kibiashara awe na leseni. Nchini Uganda, Sheria ya Kudhibiti Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006 inataka dawa zisajiliwe, na wafukizaji pamoja na wapiga dawa wa kibiashara nao wasajiliwe. Ukaguzi wa hoteli na maduka ya vyakula nao umegawanyika: Kenya ni maofisa wa afya wa kaunti, Uganda ni wakaguzi wa afya wa manispaa na wilaya.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilituahidi huduma zivuke mipaka kwa uhuru. Lakini leseni ya mpiga dawa ya upande mmoja haimfungulii kazi upande wa pili. Mwenye stoo mbili, moja Kenya na moja Uganda, inabidi atafute watu wawili, kwa tarehe mbili. Stoo moja ikisafishwa leo na nyingine mwezi ujao, mzigo unaozunguka kati yake huwarudisha mende pale walipotoka. Hela imetumika mara mbili na kazi haijafanyika hata mara moja.

Pengo hili ndilo linalolisha magendo. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ya Kenya ilitangaza kuondoa sokoni makumi ya bidhaa za kuua wadudu na kuwekea nyingine masharti. Mwezi Mei mwaka huo huo, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza klopirifosi, dawa iliyotumika miaka mingi kwa mende na mchwa, katika orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha kwa matumizi maalumu. Kila mara dawa inapozuiwa upande mmoja na kubaki upande mwingine, bei yake kwenye njia za panya hupanda. Na mfanyabiashara mdogo asidanganyike: utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hauondoi kibali kinachotakiwa kwa dawa za wadudu.

Hatari inayouzwa kwa bei rahisi

Dawa ya magendo mara nyingi haina lebo. Imemiminwa kutoka dumu la shambani hadi chupa ya soda, na mtoto hajui kutofautisha. Nigeria ilipiga marufuku diklovosi ya chupa ndogo mwaka 2019 kwa sababu ya matumizi mabaya majumbani. Chaki ya mende nayo inafanana na chaki ya shule; ikichorwa sakafuni karibu na jiko, iko mkononi mwa mtoto.

La kutisha zaidi ni vidonge vya nafaka. Wasafirishaji wa mahindi wanavijua: ni vya kufukiza nafaka ndani ya stoo iliyofungwa au chini ya turubai. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo haina dawa ya kuiponya na hupenya hata kwenye nyufa za ukuta. Mtu anayeviweka chumbani au ndani ya kebini ili kuua mende au kunguni anajiwekea kifo yeye, utingo wake na mgeni wa chumba cha pili. Dereva aliyebeba nafaka iliyofukizwa asilale ndani ya lori hilo kabla halijapunga hewa vya kutosha.

La kufanya

Mwenye duka, hoteli au stoo: kabla ya kulipa, omba leseni ya mpiga dawa, jina la dawa na namba yake ya usajili, risiti, na tarehe ya kurudi. Lipa sehemu baada ya ziara ya pili, mitego ikionyesha wamepungua. Usipulizie kopo juu ya jeli, maana mende ataikimbia. Katoni zifunguliwe mlangoni, zisiingizwe stoo.

Mwenye lori: kebini isiwe jiko. Tuliona mwaka 2020, malori yaliposubiri siku kadhaa Malaba wakati wa vipimo vya korona, jinsi kebini inavyogeuka kuwa nyumba. Makombo yasilale humo, na trei na kreti tupu zikung'utwe na kuanikwa juani kabla ya kupakiwa tena.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani na madawati ya taarifa za biashara: wiki moja ya pamoja, stoo za pande zote zipigwe dawa, kila upande na wapiga dawa wake wenye leseni. Hilo halihitaji kusubiri mkutano wa mawaziri Arusha. Linahitaji simu moja kati ya ofisi ya afya ya kaunti na ya manispaa. Baadaye nchi hizi zizungumzie kutambuliana leseni.

Mji huu ndio uliozaa neno boda boda, kwa sababu watu walihitaji kupelekwa kutoka mpaka hadi mpaka. Mende alijifunza safari hiyo zamani na haulizwi chochote njiani. Tukiendelea kumpiga kila mtu kwa siku yake na kwa chupa yake, tutaendelea kumlipia nauli.