Mgongo wa kijana wetu juu ya moto



Wiki hii tunazungumza juu ya moto. Hatutaongea juu ya bei ya kutoka soko kuu mpaka nyumbani. Tutaongea juu ya mwili unaokaa pale juu. Katika vikundi vyetu mambo yanakwenda hivi: mama anapata zamu yake ya likelemba, anaongeza akiba ya mawese au ya sombe, ananunua moto. Anamkabidhi kijana wake, na kila jioni anangoja versema, yaani zile franga ambazo motari anamletea mwenye moto. Baada ya miezi michache kijana anarudi nyumbani ameshika kiuno kama mzee. Vidole vimekufa ganzi. Majirani wanasema: ni kazi, atazoea. Lakini mwili hauzoei kukaa vibaya. Unaumia polepole.

Tuanze na siku ya kununua. Kijana akiulizwa, mara nyingi anataka moto ya sporti: tangi kubwa, gido iko chini, mahali pa kuweka miguu pako nyuma na juu, kiti cha abiria ni kidogo na kimeinuka. Ni nzuri kwa macho. Lakini tujue imefanywa kwa nini. Juu ya moto ile, mwendeshaji anainama mbele. Akikimbia sana kwenye barabara laini, upepo unasukuma kifua chake na kumsaidia kukibeba, mikono inapumzika. Kwetu, kwenye mashimo na matope, moto inakwenda polepole. Upepo wa kumbeba haupo. Basi uzito wote wa kifua unaangukia viganja na shingo, na kila shimo linapiga kiuno. Kwa kazi ya kubeba watu, moto ya kawaida kama Boxer au TVS, zile za kiti kirefu na gido iliyoinuka, inafaa zaidi.

Jiji letu linalijua somo hili tangu zamani. Miaka ya vita, petroli ilipokuwa ngumu kupata, ni toleka zilizobeba watu na mizigo. Wenye baiskeli zile waliweka mto mnene nyuma, kwa sababu mteja aliyekaa vizuri anarudi kesho. Hakuna aliyewafundisha shuleni.

Je, na mama ambaye moto ya sporti tayari iko uani kwake? Asiiuze kesho. Kuna mambo ya kurekebisha, na mengi hayaombi franga. Muite kijana, moto isimame imara, akae juu, na ninyi mtazame pamoja.

Kwanza, mikono. Anyooshe vidole juu ya vile vyuma vya kufunga breki na kubadilisha vitesi. Mkono wa mbele, kiganja na vidole vifuate mstari mmoja. Kama kiganja kimekunjwa kuelekea juu au chini, fundi alegeze skrubu, azungushe kile chuma kidogo, akaze tena. Ni kazi ya dakika chache. Viwiko vibaki vimekunjika kidogo, na gido ishikwe kwa wepesi, namna tunavyoshika yai. Anayekamata kwa nguvu kutwa nzima ndiye anayelala na ganzi.

Pili, magoti na tumbo. Uzito wa kifua ubebwe na tumbo na mgongo, na magoti yabane tangi. Mikono kazi yake ni kuongoza tu. Mgongo uinamie mbele kuanzia nyongani, usipinde kama upinde katikati.

Tatu, miguu. Akifika kwenye shimo, asilipokee akiwa amekaa kama gunia. Akanyage kwa miguu yote miwili, ainue makalio kidogo, magoti yanyumbuke. Tazameni Wagenia wanavyosimama katika mtumbwi kwenye maporomoko: magoti yao hayakakamai kamwe. Maji yanacheza chini, kichwa kinatulia.

Nne, kiti. Sponji ikiisha, mtu anakalia chuma. Washona viti wanaweza kuweka nyingine. Waambieni waweke iliyo ngumu kiasi, kwa maana laini sana inazama kwa wiki chache. Na kiti kisiteremke mbele, la sivyo kijana atateleza kila mara kuelekea tangi na kujisukuma nyuma kwa viganja.

Tano, amotisa za nyuma na matairi. Moto nyingi zina mahali pa kukaza au kulegeza springi za nyuma. Zikiwa zimelegea na abiria wamepanda, nyuma inazama, kila shimo linagonga, na taa usiku inamulika majani ya miti. Tairi lenye upepo mno linarusha. Lenye upepo kidogo linayumba. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha moto, fundi akifuate.

Sasa sisi tunaopanda nyuma. Kikwembe kinatufanya wengi tukae upande mmoja, miguu yote kushoto. Namna hii kiuno kinapindika safari nzima, mkono mmoja tu una mahali pa kushika, na motari anavutwa upande mmoja, naye anakaza mabega kusawazisha. Tuvae suruali chini ya kikwembe, tukae kwa kutanua miguu, kila mguu mahali pake, karibu na motari. Tushike chuma cha nyuma au kiuno chake, tusimning'inie mabegani. Ncha za kikwembe zifungwe vizuri, zisiingie katika mnyororo au gurudumu. Na kabla ya kupanda tuangalie bomba la moshi liko upande gani, tupandie upande mwingine. Makovu ya kuungua kwenye miguu yetu yanatosha.

Mama mjamzito asipande kile kiti kidogo cha sporti kilichoinuka, magoti karibu na tumbo. Na mtoto mchanga mgongoni, katika moto yoyote, hana kitu kinachomlinda kichwa. Pale toleka au miguu inapowezekana, tuchague hiyo.

Limebaki jambo gumu, nalo halimo katika chuma. Ni versema. Ikipangwa juu mno, kijana anatoka kabla ya jua na kurudi usiku, hashuki hata kula. Hakuna gido wala sponji itakayomsaidia huyo. Mwili unaomba kushuka mara kwa mara, kutembea kidogo, kunyoosha mikono na mgongo, kunywa maji. Anayekwenda mbali, njia ya Banalia au ya Bafwasende, asimame walau kila saa moja. Na siku moja kwa wiki moto ilale. Mwenye moto akifanya hesabu ya mwezi mzima ataona: kijana anayelala kitandani kwa sababu ya kiuno haleti kitu, na dawa zinakula ile faida.

Kuna dalili zisizongoja. Maumivu yanayotoka kiunoni kushuka mpaka mguuni, mguu unaopoteza nguvu, ganzi kati ya mapaja, au shida mpya ya kukojoa: hapo si kazi ya kukanda kwa maji ya moto. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

Tunapendekeza basi kwa vikundi vyote vya likelemba: mama anayetaka kununua moto aje na kijana kwenye mkutano kabla ya fedha kutolewa. Wazungumze mbele ya wenzake moto gani itanunuliwa, versema itakuwa ngapi, na siku ya kupumzika ni ipi. Iandikwe katika daftari la kikundi pamoja na hesabu nyingine. Moto ikiharibika, tutapata vipande vyake sokoni. Mgongo wa kijana hauuzwi popote.