Acheni Kuiba Programu, FreeCAD Inatosha

Wasee, tuongee ukweli. Umejinyima miezi ukanunua kamashine ka CNC ka kuchonga mbao, halafu programu ya kuchorea unaiba? Mimi nilifanya hivyo. Ile ya wizi ilikuja na virusi, laptopu ikafa na michoro yote ya wateja. Hiyo bure ilinigharimu.

“Lakini Fusion ina leseni ya bure.” Iko, sikatai. Soma masharti sasa: faili 10 tu za kuhariri kwa wakati mmoja, na tangu 2020 kisu kikihama bila kukata hakipewi mwendo wa kasi. Onshape ya bure? Michoro yako inaonekana na dunia nzima.

FreeCAD haikuitishi kitu. Unachora, unapanga njia za kukata, inakutolea maagizo ambayo GRBL, ile iko kwa mashine nyingi ndogo, inasoma bila shida. Ni ngumu kuzoea? Manze, wiki za kwanza utalia. Lakini hakuna kampuni itaamka kesho ikupandishie bei ama ikufungie kazi yako.

Ukianza kushika pesa, nunua unayotaka. Kwa sasa jifunze na kitu hakuna mtu atakunyang'anya.