‘Sawa’ ya simu haimtoshi mgonjwa anayejinyima chakula

Msichana wa Makurunge, wilayani Bagamoyo, akibainika kuwa na anoreksia, yaani maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na akatakiwa kuonana na daktari wa akili wa Muhimbili kila wiki, itambidi asafiri zaidi ya kilomita 70 hadi Dar es Salaam, kisha arejee. Si ajabu akahudhuria mara mbili, halafu asionekane tena. Hapo ndipo wazo la kumfuatilia kwa simu linapopata uzito, hasa kwa kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikwisha kuonyesha kuwa matatizo ya ulaji, yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu, yamo pia miongoni mwa wanawake wa Tanzania.

Ushahidi wa jirani unatoka Kenya, ingawa ulihusu Ukimwi. Kuanzia mwaka 2007, wagonjwa 538 wa kliniki tatu waliingizwa katika jaribio la WelTel. Takriban nusu yao walipelekewa kila wiki ujumbe wa neno moja, “Mambo?”, wakatakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya waliopata ujumbe walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao.

Nchini Ujerumani, jaribio lililochapishwa mwaka 2012 kuhusu wanawake 165 waliotoka hospitalini baada ya kutibiwa bulimia lilionyesha nafuu ya namna hiyo.

Hata hivyo, wanawake hao walikuwa wamekwisha kukubali kuwa wanaumwa. Mwenye anoreksia mara nyingi hakubali. Huvaa nguo pana, hunywa maji mengi kabla ya kupimwa uzito, husema amekwisha kula. Na huku mwambao, Ramadhani humpa kisingizio ambacho hakuna jirani atakayekihoji. Kwake, “Sawa” yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wenyewe, ilhali moyo unadhoofika.

Kwa hiyo ujumbe wa simu hauna budi kuambatana na mizani. Zahanati iliyo karibu impime uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kisha muuguzi, wala si mgonjwa, ndiye ampelekee daktari tarakimu hizo. Muuguzi huyo atahitaji muda na fedha za simu, mambo ambayo mipango ya aina hii husahau kuyapangia bajeti. Tena kabla ya ujumbe wa kwanza kutumwa, iulizwe simu hiyo ni ya nani: ya binti mwenyewe, au ya kaka yake.