Sehemu ya 5: Kabla hujaiambia simu ikuchoree mtoto, taja umri

Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini hili nisipolisema leo sitalala.

Wiki iliyopita alikuja kliniki binti mmoja, uzazi wa kwanza, mtoto wa miezi miwili na nusu anaharisha. Kuulizana, kumbe ameshaanza uji. Nani kakuambia, mdogo wangu? Hakuambiwa na mtu. Aliona tangazo la unga wa lishe kwenye stetasi ya WhatsApp: kichanga kimelala mapajani kwa mama yake, kinalishwa uji kwa kijiko, kinacheka. "Sista, yule alikuwa mdogo kuliko wangu." Tukampa ORS na zinki, tukamrudisha mtoto kwenye kunyonya tu.

Tangazo lenyewe nilipoonyeshwa nikalitambua. Ni la jirani yangu hapa Mbagala, mama mchapakazi, hana nia mbaya na mtoto wa mtu. Alitengeneza picha kwa akili mnemba, ile mnayoiita AI. Nikamuuliza aliandika nini. Maneno manne: "mama anamlisha mtoto uji." Basi. Umri wa mtoto hakuutaja, mashine ikajichagulia yenyewe, ikachagua kichanga kwa sababu kichanga kinapendeza.

Najua wapo watakaosema basi tuachane na haya mambo. Mimi sikubali. Mama anayeuza unga, maandazi au nguo za mtumba za watoto hana hela ya mpiga picha kila wiki, na simu anayo tayari. Ninachotaka ni tujifunze kuielekeza.

Sisi manesi tukikabidhiana zamu hatusemi "kitanda cha nne kuna mgonjwa." Tunasema ni nani, umri gani, amelalaje, ana nini, na kitu gani asipewe. Ukikabidhi ovyo, wa zamu ya usiku anabahatisha. Mashine ya picha ni huyo wa zamu ya usiku. Haimjui mgonjwa wako, ila haiwezi kukaa kimya. Pale ulipoacha pengo itajaza.

Kwa hiyo jana nilikaa na jirani barazani tukaandika upya, kwa Kiswahili hiki hiki, maana ChatGPT na Gemini zinakielewa: "Mama wa Kitanzania wa miaka 28 hivi, amekaa kwenye mkeka barazani, anamlisha mtoto wa miezi 8 aliyekaa wima mwenyewe. Kikombe na kijiko vipo pembeni. Ukuta wa rangi ya maziwa, mwanga wa asubuhi, sakafu ya saruji." Usipoieleza nyumba, utaletewa jiko la kifahari la Ulaya au kibanda cha nyasi porini. Uswahilini kwetu haikujui mpaka uiambie.

Picha ya kwanza ikaja na chupa ya maziwa. Tukaandika "usiweke chupa," ikarudi na chupa nyingine! Hizi programu neno ukilitaja wakati mwingine zinalishika, hata ukiwa umekataza. Taja unachotaka kionekane: "karibu na mama kuna kikombe na kijiko tu." Ikakubali. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha nguo, mwanga na mtoto kwa pamoja, hutajua kilichoharibu ni kipi. Maelekezo yaliyokubali yahifadhi kwenye simu, kesho utayatumia tena, na bando limepungua bure kama umesahau.

Kanga nayo ilituchekesha. Tuliandika "amejifunga kanga," akatokea mama amepakata ndege kanga! Ikabidi tueleze: kitambaa cha pamba chenye pindo pande zote na mji katikati. Jina la kanga bado lilitoka mikwaruzo isiyosomeka. Ndiyo maana nakushauri maneno usiiachie mashine. Omba picha tupu, halafu bei na jina la bidhaa uyaandike mwenyewe kwenye Canva. Tangazo lenye "unga wa lihse" nani atanunua?

Sasa mtindo. Hapa nina msimamo na wengine hamtaupenda: tangazo la chakula cha mtoto au jambo la afya lisifanane na picha ya kamera. Omba mchoro, au katuni. Binti yule aliamini kwa sababu aliona "mtoto wa kweli" anakula. Angeona mchoro, angeuliza.

Na mitindo tunayo ya kwetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za baiskeli. Ukitaka kujifunza, eleza unachokiona kwenye zile picha: mnyama mmoja mkubwa, macho makubwa, madoa mengi, nyuma rangi moja inayong'aa. Nilimtengenezea mwanangu twiga wa kuhesabia madoa, tukahesabu mpaka akalala. Ila usichapishe ukauza ukisema ni Tingatinga. Wachoraji wenyewe wapo Oysterbay, wanaishi kwa brashi.

Lingine, mnaponiona mkali mniwie radhi. Machi 2025 watu waligeuza picha za familia kuwa katuni za Kijapani za Ghibli, na nyie mkawapandisha watoto wenu, wengine wakiwa bafuni. Jifunze kwa maneno, siyo kwa sura ya mwanao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Na kadi ya kliniki usiipige picha ukaitupia humo eti ikutengenezee kadi ya bethidei. Ina jina, tarehe ya kuzaliwa, na mengine ya ndani.

Jirani alipata picha yake kwenye jaribio la sita. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa: KUANZIA MIEZI 6. Ile ya zamani ameifuta na kuwapigia simu aliowatumia, mmoja mmoja, wawili hawajapokea. Binti wa kliniki anarudi Alhamisi, nitampima mtoto uzito mwenyewe.

Mwenye tangazo analotaka nilitazame aniletee inboksi. Kesho nipo usiku, nitajibu nikiamka.